Safari za Jumapili za Velichka

Jumamosi, 1 Machi

Nimejifunga uzi mwekundu na mweupe mkononi, peke yangu, kwa meno. Miaka thelathini na minane ni Velichka, mke wangu, aliyenifungia kila Machi mosi, na kila mwaka alikaza mno. Mwaka huu unalegea. Wake nilimtumia mapema ndani ya barua, auvae huko Madrid mpaka amwone korongo wa kwanza, kisha aufunge mtini, kama kila mtu wa huku kwetu.

Nimesoma tangu asubuhi. Kitabu cha Mnorwe mmoja aliyezunguka Chile kwa meli ya mizigo. Raha tupu! Raha yake si nchi, hapana. Raha ni miguu ya mtu mwingine iumie wakati yangu iko ndani ya slipa karibu na jiko. Atlasi kushoto, mkate na jibini kulia, kidole juu ya reli — na sifungui ukurasa mwingine mpaka nijue mwandishi amelala wapi. Nina kanuni zangu. Mwandishi ambaye hajawahi kuachwa na treni ni mwongo. Asiyepata malengelenge, mwongo. Anayekutana na mzee mwenye hekima kila kijiji, mwongo mkubwa. Nimezaliwa kijijini, nawajua wazee wake. Nilikuwa mkuu wa stesheni miaka thelathini na minne. Watu wamenidanganya kuhusu tiketi kwa lugha tano.

Velichka anafaulu kanuni zote. Alipoondoka Septemba kutafuta pesa, baada ya paa la nyumba yetu kubomoka, barua zake mbili za kwanza hazikuwa na kitu. Bibi kizee aliyeajiriwa kumtunza, supu, ukuta wa ua, tena ukuta. Nikamwandikia atoke atembee. Sasa kila Jumapili ya mapumziko anapanda treni, na kila baada ya siku chache ninapata bahasha nene. Ameshaachwa na treni mara mbili. Malengelenge mara tatu! Mwanamke ambaye maisha yake yote aliniandikia "maziwa, kiberiti" tu juu ya kipande cha gazeti.

Sijamwambia mtu, lakini nazisoma barua hizi kwa raha kuliko kitabu chochote.

Jumanne, 18 Machi

Barua! Kurasa nane. Amekwenda mji wa Kaseres, Jumapili ya tarehe tisa.

Minara mingi, anasema, na juu ya kila mnara kiota, vyote vitupu majira yote ya baridi. Saa sita mchana korongo wa kwanza akatokea upande wa kusini. Watu wa uwanjani wakasimama kimya, muuza machungwa akavua kofia. Velichka akafungua uzi wake, akaufunga kwenye mlozi, akaniombea afya. Nimeisoma nimesimama, koti mwilini, mlango wazi. Machozi kidogo. Upepo, labda.

Jambo moja sijalipenda. Don Eusebio yumo tena. Huyu ni mzee aliyekutana naye kwenye treni kabla ya Krismasi. Wakati ule alikuwa mstari mmoja. Sasa ana ukurasa mzima! Ana masharubu. Anambebea mkoba. Kila stesheni anasimama kusoma ratiba ukutani mpaka treni inakaribia kuwaacha. Analalamikia supu. Velichka anasema anamchosha, lakini anasema hivyo kwa namna fulani.

Hajaandika kama ana mke.

Alhamisi, 20 Machi

Nyumba ya kusomea, maktaba yetu ya mtaa, ilijaa. Kila Alhamisi walikuja kunisikiliza nikisoma vitabu, sasa wanakuja kusikiliza barua za Velichka. Jirani yangu Mama Tota alilia pale penye korongo. "Rudia muuza machungwa," anasema, "rudia polepole, Rashko, unakimbizwa na nani?"

Don Eusebio nilimruka. Ganka, mtunza vitabu wetu, akanikatiza. Eti nimeruka. Umejuaje? Eti nimegeuza karatasi mbili pamoja. Mh.

"Una wivu na mzee wa watu," akasema. "Hebu msome, ndiye tunayemjia."

Wakacheka wote. Nikasema mimi simwonei wivu mtu anayesimama kama mlingoti mbele ya ratiba wakati treni inaondoka. Basi hapo ndipo walipokufa kwa kicheko. "Na humjui mtu kama huyo?" Ganka akauliza, anafuta macho. "Kweli kabisa humjui?" Sikuona cha kuchekesha.

Baadaye nikaomba kitabu cha Hispania, nifuate njia zake kwa kidole. Viko viwili, mwandishi mmoja: safari ya kiangazi na safari ya baridi. Cha kiangazi, anasema Ganka, kimepelekwa kushonwa jalada. Tangu lini? Tangu Oktoba. Miezi mitano kushona jalada! Alikuwa anapanga kadi huku anasema, wala hakuniangalia. Nimepewa cha baridi.

Ijumaa, 21 Machi

Ukurasa wa 112. Kaseres, asubuhi ya Krismasi. Mwandishi yuko kanisani na hasikii mahubiri, kwa sababu juu ya paa korongo wanagonga midomo kama watu wanaopasua kuni.

Korongo. Krismasi.

Anaeleza hapo chini: siku hizi hawaondoki. Wapo mwaka mzima.

Nimesoma mara nne. Nimevua miwani, nimeisafisha, nimesoma tena. Mmoja kati ya hawa wawili ni mwongo. Mwandishi nimemkagua: ameachwa na treni ukurasa wa 30, ameharisha ukurasa wa 51. Ni mtu mkweli.

Jumapili, 23 Machi

Korongo wetu wamefika. Wako juu ya bomba la moshi la kiwanda cha maziwa, wawili. Mtaa mzima ulitoka nje na nyuzi zao, mti wa plamu ukawa mwekundu na mweupe. "Rashko, vua wako!" Mama Tota ananipigia kelele. Nikaangalia viatu vyangu. Nikasema mimi sijaona korongo. Utoto, najua.

Nimeshaelewa jambo, na natamani ningekuwa sijalielewa. Ni sisi wa huku tunaosubiri korongo Machi, na uzi mkononi. Sisi ndio tunaosimama kimya akipita. Sisi ndio tunaovua kofia. Mtu wa huku akikaa mezani autunge mji wa Hispania, viota atavifanya vitupu baridi yote, na korongo atamleta Machi. Hata halitamjia wazo jingine.

Velichka hakwenda Kaseres.

Alipiga simu saa kumi. Anasema yuko stesheni ya Toledo. Nimeishi ndani ya kelele za stesheni tangu nina miaka ishirini na mitatu! Hiyo haikuwa stesheni. Kijiko ndani ya kikombe. Saa ya ukutani. Hakuna magurudumu, hakuna tangazo, hakuna mtu anayemwita mtoto wake. Nikamuuliza treni yake ni ya saa ngapi. Akasema inakaribia. Kisha sauti ya kizee ikaita karibu kabisa: "Beli! Beli!" Akakata.

Beli ni nani? Velichka ni Velichka. Nani anamfupisha jina? Sauti ya kizee — ya kike? Ya kiume? Vizee hufanana sauti. Don Eusebio pia ni mzee.

Kama hasafiri Jumapili, yuko wapi? Na yuko na nani?

Jumatatu, 24 Machi

Nimepika dengu. Sikula.

Jumanne, 1 Aprili

Nimekwenda stendi kumwona Zapryan, anayeendesha basi la Madrid. Nilijidai nauliza habari za njia. Vipi, nikasema, korongo huko wamefika?

"Korongo gani, mzee? Wale hawana kwenda wala kuja! Januari napita, wamejaa jalalani kama kuku. Wana raha kuliko mimi."

Nikauliza kama mke wangu alikuja mwenyewe kuchukua kifurushi changu. Akajikuna shingo. Hapana, kwa kweli hajapata kumwona. Vifurushi vyote huja kuvichukua mwanamume. Mwanamume gani? "Wa kawaida tu, mzee. Anatia sahihi, anaondoka." Ana masharubu? Hakumbuki. Hakumbuki! Mtu anaendesha basi nchi tano halafu hakumbuki masharubu.

Vifurushi gani, lakini? Mimi nimetuma kimoja tu, cha Krismasi.

Nikiwa bado nimesimama nyuma ya basi, nani anakuja? Ganka. Skafu mpaka puani. Kifurushi cha mstatili, kamba mbili. Anamkabidhi Zapryan, anaangalia huku na huku. Nilisoma jina juu yake kutoka hatua sita. Jina la mke wangu.

Kumbe kuna njama, na imo ndani ya nyumba ya kusomea! Ganka, ambaye alikuwa mpambe wa bibi harusi siku tulipooana! Kama Velichka ana mtu huko, nataka kuambiwa. Afadhali kuambiwa kuliko kuandikiwa hadithi.

Jumatano, 2 Aprili

Nilifika nyumba ya kusomea kabla Ganka hajafungua. Nikasema najua yote. Nilikuwa sijui chochote, lakini kwa wasafiri wasio na tiketi maneno hayo yalifanya kazi siku zote.

Ganka akaniambia nikae. Sikukaa.

"Unamjua mwanamume anayechukua vifurushi?" nikamuuliza.

"Mlinzi wa mlango wa jengo wanalokaa. Kijana wa miaka ishirini na kitu, Rashko, na ana mchumba. Anampandishia juu kwa sababu Velichka hatoki."

"Hatoki vipi? Ana Jumapili zake!"

"Hana Jumapili. Binti wa yule bibi alikuwa aje kumpokea kazi kila Jumapili. Alikuja mara mbili, akaacha. Bibi akiachwa dakika kumi anapiga mayowe na kujipiga kichwa ukutani. Anamwita Beli, anamshika sketi mpaka usingizini. Tangu Oktoba mkeo ameona ngazi, duka la dawa na ule ukuta."

Hapo nilikaa.

Nikauliza, sasa treni? Toledo? Kaseres? Ganka akafungua droo, akatoa barua ya Velichka kwake, ya Oktoba, akaniwekea kidole pa kusoma. Yalikuwa maneno yangu. Velichka alikuwa ameyanakili kama yalivyo: *Uko Hispania na unaniandikia ukuta? Mimi ningepewa wiki moja huko ningekuletea kitabu kizima. Toka, mwanamke, tembea, angalau mmoja wetu aone kitu.* Chini yake, kwa mkono wake: *Ganka, nitumie vitabu vyovyote vya safari za huku. Rashko ndiye msafiri, si mimi. Kama hawezi kuja, nitamsafirisha kutoka hapa nilipokaa.*

Kitabu kimoja kwa mwezi, kwa basi. Kile cha kiangazi hakijawahi kushonwa jalada, kilikwenda Madrid.

Nikasema nitampigia leo hii nimwambie arudi. Ganka akanijia juu. Arudi kwenye paa lipi? Akasema pia — na hili ndilo linanisumbua — kwamba mwanzoni Velichka aliandika kwa ajili yangu, lakini sasa anaandika kwa ajili yake. Anasubiri bibi asinzie, anatoa karatasi. Kila barua kwa Ganka inauliza mambo: hali ya hewa, bei za vitanda, vyakula vya stesheni. "Ukimwambia unajua, utakuwa umemzibia na hilo dirisha dogo alilojichongea. Na ukiendelea kunyamaza, anabaki kule ndani. Sijui, Rashko. Mimi mwenyewe sijui. Amua wewe, ni mkeo."

Alhamisi, 3 Aprili

Nimewatumia watu wa nyumba ya kusomea salamu kwamba naumwa. Nimesoma barua zote upya, tangu ya kwanza. Sasa nina shaka na kila neno, ila shaka ya aina nyingine. Barua ya Februari, Segovia: *vidole vimepasuka kwa baridi.* Segovia hakwenda. Vidole vimepasuka kwa nini, basi? Sabuni. Ile ya kupanda mnara, *magoti hayashuki tena.* Ngazi za duka la dawa, au kumnyanyua yule bibi. Kila maumivu yalikuwa ya kweli! Nilikuwa nayapigia alama ya vema kwa penseli, mimi mkaguzi, nafurahi kwamba mwandishi wangu haongopi.

Na Don Eusebio. Anayesoma ratiba, anayelalamikia supu. Masharubu ni yangu, ya mwaka tuliooana, nilinyoa baadaye. Wale wanawake wote walijua. Mama Tota, ambaye hajui kusoma bila miwani mbili, alijua!

Nimekuwa mume mwenye wivu na nafsi yake mwenyewe. Nina miaka sitini na mitano.

Jumapili, 6 Aprili

Amepiga simu. Yuko Avila, anasema. Ile saa ya ukutani ilikuwa inagonga palepale.

"Kuna jua?"

"Kuna upepo," anasema. "Kuta zake kubwa, Rashko, huwezi kuamini."

Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni. Nimeifanyia mazoezi tangu asubuhi. Nikasema, "Vaa soksi."

Jumapili, 13 Aprili

Nikasema tena jambo jingine la kipumbavu. Alipopiga simu nilimuuliza ratiba ya kurudi nyumbani, naye akawa nayo.

Anakuja kwa Pasaka! Binti wa bibi amekubali kukaa siku tisa, bila kuhesabu za njiani. Siku tisa baada ya miezi saba.

Ijumaa, 25 Aprili

Ameshuka. Basi lilichelewa saa mbili, na nilikuwa stendi saa mbili kabla. Mweupe kama mgonjwa aliyetoka wodini. Mama Tota alikuwepo, yuko kila mahali: "He! Na hilo jua la Hispania halikukugusa?" Velichka akajibu papo hapo kwamba alivaa kofia. Alijibu vizuri mno. Nilitaka kulia na nilitaka kumpigia makofi.

Tukapanda kilima kwenda nyumbani. Mwanamke aliyepanda minara yote ya Hispania alisimama kupumua mara mbili. Mara ya pili alishika ua wa bustani ya watu, akainua uso, akafumba macho. "Kuna upepo," akasema, kama mtu anayeniletea habari.

Nilimshika mkono. Nikambebea mkoba. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua.

Jumamosi, 26 Aprili

Bado ni mchana. Naandika haraka, chumbani.

Tangu asubuhi wanawake wamejaa jikoni kupaka mayai rangi. Ganka, Mama Tota na wengine wawili. Mkate wa Pasaka uko ndani ya oveni, nyumba nzima inanukia limau. Mimi nilikuwa napangusa mayai kwa mafuta, kazi wanayonipa kwa sababu siwezi kuiharibu.

Mama Tota akaanza. Alhamisi ijayo Velichka mwenyewe aje nyumba ya kusomea, atusimulie kwa kinywa chake, tumechoka na Rashko anayesoma kama anayetangaza treni ya mizigo. Kisha: "Ila niambie sasa hivi, siwezi kungoja. Pale Kaseres. Yule korongo, alitua mnara gani? Ukisimama uwanjani, upande upi?"

Kijiko cha Velichka kikasimama ndani ya rangi. Ganka akageukia dirisha. Niliona mkono wa mke wangu, ule wenye vidole vilivyopasuka, unabana kijiko mpaka ukawa mweupe. Angejibu, bila shaka. Ana akili mara tatu yangu. Lakini alikuwa amechoka. Nilimwona amechoka, na sijawahi kuona kitu kwa uwazi vile.

"Kushoto," nikasema. "Ukitokea stesheni."

Wote wakanigeukia. "Na wewe ulikuwepo?" Mama Tota akauliza.

Nikaendelea, Mungu anajua kwa nini. Nikasema kuna ngazi kabla ya uwanja, zinateleza. Nikasema muuza machungwa ni kiziwi sikio moja, ndiyo maana anapiga kelele vile. Nikasema miguu iliniuma mpaka nikataka kurudi. Iliniuma! Nilisema "iliniuma"! Wanawake wakakodoa macho. Sikuthubutu kumwangalia Velichka, nikapangusa yai lilelile mpaka rangi ikaanza kutoka.

"Si kushoto," Velichka akasema. Taratibu. "Kulia. Wewe ulikuwa unasoma ratiba, hukuona."

Kicheko kikapasua jiko. Mama Tota alidondosha yai. Velichka hakucheka. Alikuwa ananiangalia moja kwa moja, na mimi nikamwangalia, na pale katikati ya watu wale wanne hapakuwa na mtu mwingine.

Wameondoka saa tisa. Yeye akabaki kuosha sufuria, mikono myekundu mpaka viwikoni. Bila kugeuka:

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Na ukanyamaza."

"Na wewe ulinyamaza."

Mabega yake yakatikisika. Sijui kama alikuwa anacheka. Nikamwomba radhi kwa ile barua ya Oktoba, nikasema niliandika upumbavu. Akasema ndiyo, ulikuwa upumbavu, na alilia siku mbili, na siku ya tatu akaanza kuandika Toledo. Kisha akasema, na sauti yake ikawa nyepesi, karibu ya furaha, kwamba bado hajafika baharini. Amebakiza kusini yote. Basi la kurudi Madrid ni Jumapili ya wiki ijayo na bibi atakuwa anamlilia. "Kwa hiyo sema, Rashko. Mei nikupeleke wapi?"

Nilimwambia anipe dakika moja. Nikaja huku, nikafungua daftari, kama mwoga.

Nataka kumwambia asirudi. Tukae chini ya turubai lililoziba paa, tule dengu, asirudi kwenye ukuta ule hata siku moja. Nataka hivyo kwa moyo wote. Na nataka — siwezi kujificha hapa, hakuna mwingine anayesoma — nataka hiyo barua ya Mei. Nataka bahari yake. Tayari najiuliza ni treni gani inakwenda huko.

Amefunga maji. Anakuja. Amesimama mlangoni anapangusa mikono kwa aproni, ananingoja nimalize mstari. Nimekagua watu maisha yangu yote, na sasa hivi nikifungua mdomo sina hakika ni kipi kati ya hivyo viwili kitakachotoka